Mgonjwa Asiye Kwenye Foleni

Wasifu wa daktari aliyefika kwenye kiti cha mkuu wa chuo cha udaktari huandikwa kwa mpangilio uleule karibu kila mara. Shule ya misheni, shahada ya kwanza, miaka michache wodini, ubingwa ng'ambo, uhadhiri, uprofesa, ukuu wa idara, ukuu wa kitivo, halafu kiti chenyewe na joho lake. Msomaji huachwa aamini kwamba kila hatua ilimtayarisha mtu huyo kwa ile iliyofuata, kwamba aliyeshona matumbo vizuri kwa miaka 20 bila shaka amejifunza pia kuongoza chuo. Mimi sioni hivyo. Nadhani hatua ya mwisho inakwenda kinyume na zote zilizoitangulia, na madaktari walioimudu ni wale waliokubali kulegeza tabia moja waliyofundishwa tangu siku ya kwanza wodini, tena tabia njema kuliko zote walizokuwa nazo: kumtumikia kwanza mtu aliye mbele yao.

Daktari kijana hufundishwa, na inafaa afundishwe, kwamba anapomkabili mgonjwa dunia iliyobaki ingoje nje. Asipime bei ya dawa ya huyu dhidi ya mahitaji ya yule aliye kaunti nyingine. Asiwaze takwimu za taifa huku mtoto akishindwa kupumua mikononi mwake. Uaminifu huo kwa aliyepo ndio unaotufanya tumfunulie daktari miili yetu na siri zetu. Lakini mwondoe wodini, mkalishe katika ofisi ya mkuu wa chuo, na uaminifu uleule unaweza kumpotosha. Sasa walio mbele yake si wagonjwa tena. Ni wahadhiri wanaodai marupurupu, wanafunzi wanaotaka mabweni, wazazi wenye ada mkononi, katibu wa wizara, mfadhili aliyepanda ndege kuja kukagua mradi wake. Kila mmoja ana haja ya kweli, na kila mmoja ameshafika mlangoni. Yule ambaye chuo kiliundwa kwa ajili yake hajafika, wala hatafika, kwa sababu hata hajui kwamba kuna mlango wa namna hiyo.

Tumweke mtu huyo mahali panapojulikana. Magwagwa ni wadi ya eneobunge la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, katika vilima vya chai na migomba vya upande wa Mto Sondu. Kwa wahandisi, jina hilo ni la bwawa la umeme lililochorwa miongo mingi iliyopita na ambalo wakazi bado wanalisikia tu. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua usiku, Magwagwa ni mwanzo wa msururu wa rufaa: kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya Ekerenyo, kisha hospitali ya kaunti mjini Nyamira, na ikibidi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Damu ya uzazi haina subira na msururu huo. Inaweza kumuua mwanamke mzima kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo kinachoamua ni mikono atakayokutana nayo kwanza, na kwa kawaida mikono hiyo ni ya muuguzi au ya tabibu mwenye stashahada. Daktari mwenye shahada yuko mbali, sembuse bingwa. Huyo muuguzi alichaguliwaje kuingia chuoni? Alifanya mazoezi yake wapi, na aliwahi kumwona mwalimu wake akisimamisha damu kama hiyo, au aliisoma tu kwenye slaidi? Majibu yalishatolewa miaka kadhaa nyuma, katika kikao cha bodi au cha seneti ambacho hakuna mtu wa Magwagwa aliyehudhuria. Ndiyo maana nasema kiti cha mkuu wa chuo ni kazi ya tiba kamili. Tatizo ni kwamba mgonjwa wake hayuko kwenye foleni.

Historia ya vyuo vyetu inaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumwona aliye mlangoni pekee. Makerere ilipoanza kufundisha tiba mwaka 1924, wahitimu wake walipewa vyeo vya usaidizi, wakalipwa chini ya Wazungu waliofanya nao kazi zilezile. Ilibidi kungoja hadi 1957 ndipo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza likakubali kuitambua sifa yao. Nairobi ilifungua kitivo chake cha tiba mwaka 1967, na waliokuja kukiongoza walikuwa zao la Makerere hiyohiyo iliyopigania kutambuliwa. Joseph Mungai, mpasuaji aliyegeukia anatomia, alikuwa mkuu wa kitivo, akawa naibu chansela wa chuo kikuu kizima kuanzia 1979 hadi 1985, kisha akakabidhiwa Tume ya Elimu ya Juu iliyokuwa ndiyo kwanza imeundwa. Nimrod Bwibo, daktari wa watoto, alipita njia inayofanana na hiyo hadi ngazi za juu za chuo. Watu hawa walibeba mzigo ambao waliowafuata hawakuubeba: kuthibitisha, mbele ya macho ya London, kwamba Mwafrika anaweza kufundisha udaktari bila kuushusha. Kudai kiwango sawa kulikuwa kudai haki, na atakayewalaumu kwa hilo leo hajui walilipwa nini na waliitwa nani.

Hata hivyo matokeo yana mantiki yake. Sifa inayotambulika London inamwezesha mwenye nayo kwenda London. Watafiti Michael Clemens na Gunilla Pettersson, walipohesabu hali ilivyokuwa karibu na mwaka 2000, walikadiria kwamba takriban nusu ya madaktari waliozaliwa Kenya walikuwa wakifanya kazi nje ya nchi. Hesabu hiyo ni ya mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo inawabeba pia wengi wenye asili ya Kihindi waliosomea Uingereza na ambao Nairobi haikuwafundisha kamwe. Tuipunguze tutakavyo, bado inabaki kubwa. Na waliobaki nchini hawakutawanyika vilimani. Waligandamana Nairobi, Mombasa na miji michache. Chuo kilipanga mafunzo yake kwa kumtazama mtahini wa nje aliyekuwa amekaa chumbani, na wahitimu wakaenda kuliko na watu wa aina ya mtahini yule.

Hapa kuna pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Kiwango si pambo la London. Kiwango ndicho kinachomlinda mtu wa Magwagwa dhidi ya daktari bandia na daktari mbovu, na mkuu wa chuo anayelegeza kiwango kwa jina la maskini anawauza maskini haohao. Nakubali nusu ya hoja hii. Nusu ya pili inajibiwa na kisa cha Marekani cha mwaka 1910, ambapo Abraham Flexner, mwalimu wa shule ambaye hakuwahi kuwa daktari, alitembelea vyuo vyote vya udaktari vya nchi hiyo na Canada na kuandika ripoti iliyovifunga vingi. Vingi vilistahili kufungwa. Vilikuwa maduka ya vyeti. Lakini katika vyuo saba vilivyokuwa vikifundisha madaktari weusi, vitano vilikufa, vikabaki Howard na Meharry. Sayansi ilipanda, na miji ya weusi kusini mwa Marekani ikakosa madaktari kwa vizazi kadhaa. Flexner alipima maabara, maktaba na sifa za kuingilia, vitu ambavyo mgeni anaviona akitembezwa chuoni. Hakupima nani atatibiwa na nani chuo kikifungwa. Basi kiwango kinalinda iwapo aliyekiandika alijumuisha ndani yake swali la mahali mhitimu atakapofanya kazi. Akilisahau, kiwango kinaweza kuua kwa ukimya na huku kila mtu akikisifu.

Mfano wa kinyume hauko mbali na Gusii, nchi ya Wakisii iliko Magwagwa. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha kitivo cha afya mjini Eldoret mwishoni mwa miaka ya 1980, mkuu wake wa kwanza alikuwa Haroun Mengech, daktari wa magonjwa ya akili. Kingeweza kunakili Nairobi, kwa kuwa ndiko walimu wake wengi walikotoka na ndiko heshima ilikokuwa. Badala yake kilijenga mtaala unaoanza na tatizo la mgonjwa kabla ya mhadhara, na kikawapeleka wanafunzi katika vituo vya afya vya mashambani kama sehemu ya lazima ya masomo, mpango uliokuja kujulikana kwa kifupi chake COBES. Si lazima mtu akiamini chuo chochote kwa maneno ya kipeperushi chake. Ila jambo lenyewe limechunguzwa duniani kote, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya kuwapata na kuwabakiza wahudumu mashambani mwaka 2010, mambo yaliyoorodheshwa mwanzo kabisa yalikuwa ya chuo: wachukue wanafunzi waliokulia mashambani, jengeni vyuo nje ya miji mikuu, wapelekeni wanafunzi vijijini wakiwa bado wanasoma. Yote matatu yanaangukia mezani kwa mkuu wa chuo. Hakuna hata moja ambalo mhadhiri, mwanafunzi au mfadhili aliye mlangoni angelidai kwa hiari yake, na wengi wangelipinga, kwa sababu kituo cha afya cha kijijini hakina intaneti wala nyumba nzuri ya mwalimu.

Nisimame kidogo kwenye suala la nani anaingia, maana huko ndiko udaktari huanza, miaka kabla ya mtu kushika stethoskopu. George Magoha, mpasuaji wa mfumo wa mkojo, mzaliwa wa Siaya, alisomea udaktari Lagos, akarejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1980 kufundisha Nairobi, akapanda hadi kuongoza chuo kikuu hicho kuanzia 2005 hadi 2015. Wengi wanamkumbuka kwa jumba refu la chuo lililojengwa enzi zake na kwa sauti yake ya amri, sauti ya chumba cha upasuaji iliyohamishiwa ofisini bila kupunguzwa. Mimi naona tendo lake kubwa la kitabibu lilikuja baada ya kuondoka chuoni, alipokuwa mwenyekiti wa Baraza la Mitihani la Kenya tangu 2016. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipobanwa, walikuwa 141. Kila A ya kununuliwa ilikuwa inakaribia kiti cha kitivo cha tiba, na aliyesukumwa nje alikuwa mtoto wa shule ya kutwa isiyo na pesa za kununua chochote, yaani mtoto yuleyule ambaye ushahidi unasema angeweza kurudi kufanya kazi kijijini. Aliyemshika Magoha mkono katika kazi hiyo alikuwa waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, ambaye taaluma yake ni mawasiliano wala hajawahi kuvaa koti jeupe.

Jina hilo linaleta pingamizi jingine: kama Matiang'i aliweza, na kama Flexner aliweza kubadilisha udaktari wa bara zima bila kumgusa mgonjwa, kwa nini tumwondoe mpasuaji mezani pake? Nchi yenye wapasuaji wachache inapomgeuza mmoja kuwa mtia saini wa hundi inafanya ubadhirifu. Mpe meneja ofisi, mrudishe bingwa kazini. Hoja hii ina nguvu zaidi kwetu kuliko Ulaya, maana huku nafasi ya bingwa mmoja haizibiki kwa tangazo la kazi. Utafiti wa Amanda Goodall wa mwaka 2011, uliozitazama hospitali zilizoongoza katika orodha za ubora nchini Marekani, uliona kwamba zile zilizosimamiwa na madaktari zilikuwa na alama za ubora za juu kwa takriban robo kuliko zilizosimamiwa na mameneja. Wapenzi wa madaktari huutaja sana utafiti huu. Nauchukua kwa tahadhari: yawezekana hospitali bora ndizo zinazowavuta madaktari kuziongoza, na hospitali haifanani na chuo.

Jibu langu ni jingine. Kazi ya chuo cha udaktari ina uongo wake mahususi, na inahitaji mtu anayeutambua kwa harufu. Cheti kinaweza kusema mwanafunzi amefanya upasuaji wa kujifungua mara kadhaa. Aliyewahi kusimamia wanafunzi anajua kwamba mara nyingine “amefanya” ina maana alishika mkasi pembeni. Bajeti inaweza kuonyesha chumba cha mazoezi kimekamilika. Aliyefundisha humo anajua mwanasesere wa kujifunzia uzazi amefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Meneja atapata taarifa zote na ataziamini. Daktari ataziona zinanuka. Hiyo ndiyo faida yake ofisini, na ni faida inayochakaa: baada ya miaka kumi bila kuingia wodini pua yake nayo inaziba, na hapo hana tofauti na meneja isipokuwa mshahara na heshima.

Aliyejaribu kutoipoteza faida hiyo alikuwa Hubert Kairuki wa Tanzania. Daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, alianza na hospitali, Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1987, ndipo chuo kikakua kutoka ndani ya hospitali hiyo na kuwa chuo kikuu cha tiba mwaka 1997, miongoni mwa vya kwanza vya binafsi nchini humo. Alifariki mwaka 1999, na chuo kikachukua jina lake. Uongozi ulishikwa na Esther Mwaikambo, daktari wa watoto aliyesomea Urusi ya Kisovieti na mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Chuo cha binafsi kinaishi kwa ada, na mlipa ada ndiye aliye mlangoni kuliko wote. Kwa hiyo hapa tabia ninayoizungumzia inajaribiwa vikali zaidi. Kinachonivutia kwa Mwaikambo ni kwamba kabla ya kiti alikuwa ameshiriki kuunda chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987, na miaka baadaye chama hicho kikawa kinawafuata wanawake kwa maelfu kuwapima saratani ya matiti, wengi wao wakiwa watu ambao wasingekwenda hospitali kwa ajili hiyo. Mtu aliyezoea kumtafuta asiyekuja amefanya nusu ya kazi ya mkuu wa chuo kabla hajateuliwa. Hata Bwibo wa Nairobi naona alikuwa na macho hayo: alishirikiana kwa miaka na watafiti wa Los Angeles kule Embu katika uchunguzi wa mlo wa watoto wa shule, uchunguzi ulioonyesha kwamba nyama kidogo katika chakula cha mtoto inainua uwezo wake wa kufikiri. Watoto wale hawakuwa wagonjwa wa mtu yeyote. Hakuna kliniki ambayo wangepangiwa.

Sasa nifikie jambo ambalo wasomi wa Nairobi hawapendi kulisikia. Kama mkuu wa chuo anapimwa kwa mgonjwa asiyekuwepo, basi tumekuwa tukiwavisha nishani wakuu wasio wenyewe. Anayemgusa mtu wa Magwagwa kila siku ni mhitimu wa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka 1927 na ambacho leo kina kampasi zaidi ya 70, zikiwemo za Kisii na Nyamira. Humo ndimo wanamotoka wauguzi wengi na matabibu wa stashahada ya miaka mitatu. Kisa cha Msumbiji kinaeleza kwa nini jambo hili ni zito. Nchi hiyo, ikiwa vitani na karibu bila madaktari, ilianza mwaka 1984 kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya kati kufanya upasuaji. Watafiti walipolinganisha upasuaji wa kujifungua zaidi ya 2,000 uliofanywa Maputo, hawakuona tofauti ya maana kati ya kazi ya wahudumu hao na ya mabingwa. Na walipowafuatilia miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari 59 waliopangiwa hospitali hizo, hakubaki hata mmoja.

Nasikia mlio: huu ni udaktari wa daraja la pili kwa maskini, tajiri akipelekwa kwa bingwa na Mkisii wa kijijini akiachiwa tabibu. Mlio huu una heshima yake, maana ni kilio kilekile cha wahitimu wa kwanza wa Makerere. Ila anayelia aangalie anachokilinganisha. Mezani hakuna chaguo kati ya tabibu na bingwa. Saa nane za usiku Magwagwa chaguo ni kati ya tabibu aliyefundishwa vizuri na tabibu aliyefundishwa vibaya. Udaraja wa pili hauko katika stashahada. Uko katika kukipa chuo cha stashahada walimu waliobaki, maabara iliyobaki na wakuu waliobaki, huku vipaji vyote vya uongozi vikikimbilia kiti chenye joho. Daktari bingwa wa Kenya akiambiwa achague kati ya ukuu wa kitivo cha tiba na ukuu wa KMTC, sote tunajua atakalochagua, na tunajua pia ni kiti kipi kati ya hivyo kinachoamua ubora wa mikono itakayompokea yule mama.

Abagusii, yaani Wakisii, wenyewe walikuwa na utaratibu wa kufundisha upasuaji kabla ya chuo chochote. Ababari, wapasuaji wa fuvu, walimfungua mtu kichwa kumwondolea maumivu yaliyofuata jeraha, na wagonjwa wengi walipona. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Canada aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliandika juu yao. Mwanafunzi alikaa na mpasuaji miaka mingi akimtazama, mara nyingi mwana kwa baba. Mtu anaweza kuutumia mfano huo dhidi yangu: mwalimu bora ni yule asiyeweka kisu chini, na ofisi ni uasi. Sidhani. Utaratibu ule ulizalisha wapasuaji wachache kwa kizazi, na wilaya yenye mamia ya maelfu ya watu haiwezi kuutegemea. Lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho vyuo vyetu vimekipoteza. Mwalimu aliishi kijiji kimoja na matokeo ya mwanafunzi wake. Aliyekufa kwa mkono wa kijana alizikwa jirani, na jina la mwalimu lilitajwa matangani.

Mkuu wa chuo wa leo hasikii jina lake matangani. Habari zipo, na zimeandikwa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi nchini Kenya ilipekua vifo 484 vilivyotokea hospitalini mwaka 2014, na ikaona kwamba takriban tisa katika kila kumi ya akina mama hao walipata huduma yenye kasoro. Kuvuja damu ndiko kulikoongoza kuua. Soma hilo kama mkuu wa chuo, si kama waziri. Wengi wa waliowahudumia walikuwa na vyeti halali, na vyeti hivyo vilitiwa saini na mtu. Raundi ya asubuhi wodini humlazimisha daktari kusimama mbele ya kitanda alichokosea jana na kueleza mbele ya wenzake. Kiti cha juu hakina raundi ya aina hiyo. Kingekuwa nayo kama ripoti za vifo za kila kaunti zingepelekwa kwa vyuo vilivyowafundisha wahudumu waliokuwa zamu, bila majina yao, na mkuu wa chuo akatakiwa kuzijibu kwa maandishi.

Atajitetea, na utetezi wake wa mwisho ndio mgumu kuliko yote. Tangu 2013 afya ni jukumu la kaunti; mkuu wa chuo haajiri mtu. Anaweza kumfundisha daktari kwa miaka sita na serikali ikashindwa kumpa nafasi ya mwaka mmoja wa uanagenzi: hilo ndilo lililokuwa shina la mgomo wa madaktari wa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei 2024. Nchi ina madaktari wanaozurura Nairobi wakitafuta kazi na vilima vya Nyamira vinawahitaji, na katikati yao hakuna chuo, kuna bajeti. Ni kweli, na kwa kipande hiki cha msururu sina haki ya kumlaumu. Lakini katika mgomo ule tuliwasikia zaidi viongozi wa chama cha madaktari na mawaziri, pande mbili zilizokuwa mezani. Wakuu wa vyuo, ambao ndio pekee wasiodaiwa mshahara na upande wowote, na ambao wangeweza kusema kwa niaba ya wagonjwa wasio na chama, sauti yao haikuvuma. Serikali inayowateua ndiyo iliyokuwa imesimama mbele yao.

Gusii sasa ina kitivo cha tiba cha kwake, katika Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hati kamili mwaka 2013 na kinachotumia hospitali ya rufaa ya mjini humo kufundishia. Wazee wa huko wanaijua njia ya kupanda: Sam Ongeri, daktari wa watoto aliyefundisha Nairobi, alikuwa Waziri wa Afya na wa Elimu kwa nyakati tofauti, na hatimaye seneta wa Kisii. Kijana atakayekuja kukiongoza kitivo hicho huenda bado ni daktari mwanagenzi leo. Mabingwa walio viongozi wa vyuo hujiwekea siku moja kwa wiki ya kuona wagonjwa ili mikono isisahau, na nawaunga mkono kwa sababu ya ile pua niliyoitaja. Kawaida siku hiyo hutumika katika kliniki ya binafsi mjini, ambako foleni ni ya wenye bima. Ningependa mkataba wa mkuu huyo useme wazi kwamba siku hiyo ni ya Ekerenyo, zamu ya usiku mara moja kwa mwezi, pamoja na tabibu aliyehitimu KMTC, na kwamba nauli italipwa na chuo.